Persis Nyamusi, Msomaji Wetu Mkuu, Anarudi Ikonge

Bi. Persis Nyamusi anastaafu tarehe 30 Aprili mwaka huu, baada ya kukitumikia Kituo cha Maandishi Mepesi cha Nyamira kwa miaka kumi na tisa. Alianza kama msomaji, akapanda akawa msomaji mkuu, na anaondoka akiwa msomaji mkuu. Juu ya cheo hicho kuna ukurugenzi peke yake, ambao alipewa mara mbili akaukataa, kwa maelezo kwamba mkurugenzi hapati muda wa kusoma.

Kwa wageni watakaoshika programu hii ya sherehe ya kumuaga bila kuijua kazi yetu, ni vyema tuieleze. Zahanati, kanisa, ofisi ya chifu au chama cha wakulima wakiwa na jambo la kuwaambia watu, huliandika. Wakishaliandika, hutuletea. Wasomaji wetu wote ni watu wenye ulemavu wa kujifunza, yaani huchukua muda mrefu kuliko wengine kusoma, kukumbuka na kuelewa jambo jipya. Wao huisoma ile karatasi na kutuambia wamepotelea wapi. Kisha inaandikwa upya kwa sentensi fupi na kuwekewa picha. Picha huchorwa na mimi. Persis alizikataa nyingi.

Alizaliwa Ikonge, mtoto wa pili wa Mama Bochaberi, katika familia ya wakulima wa chai. Darasa la pili alilirudia hadi mdogo wake, Makori, akamfikia. Wakaketi dawati moja mwaka mzima, kisha Makori akaendelea na yeye akabaki. Walimu wakampa kazi ya kufagia, ambayo anasema aliifanya vizuri. Alipoacha shule alichuma chai. Kusoma alikuja kujifunza akiwa mtu mzima, kanisani kwao, katika darasa la watoto la siku ya Sabato, ambako alikuwa mwanafunzi pekee aliyekuwa mrefu kuliko mwalimu.

Jinsi alivyofika kwetu haina utukufu wowote, na mwenyewe hapendi itiwe chumvi. Kulikuwa na mkutano mjini Nyamira kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na tangazo lilisema kutakuwa na chakula. Persis alikuja kwa ajili ya chakula. Kabla ya kula, karatasi ndefu ilisomwa. Mwenye mkutano alipouliza kama kuna swali, Persis aliinua mkono akauliza karatasi ilikuwa imesema nini. Yule bwana, ambaye alikuwa mtu mstahimilivu, alianza kumweleza. Alimweleza hadi wali ukapoa. Mwishowe alimwomba arudi Jumatatu ili waendelee. Ndivyo kituo hiki kilivyoanza, na ndiyo maana kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa kituo tunakula wali.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na mafanikio na pia mambo mengine. Kliniki moja ilitaka wanaume washiriki kuwaleta watoto kwa chanjo, ikaandika bango: "Baba, mlete mtoto wako kliniki." Mimi nilichora mtoto. Persis alisema bango hilo litawaita wanawake, maana kwa lugha yetu ya vijijini mtoto akisema "baba" anamwita mama yake, na mzazi wa kiume huitwa "tata". Mwenye kliniki alisema kila mtu anajua Kiswahili. Bango likabandikwa. Wanawake wakaja, kama walivyokuwa wakija siku zote, na wawili wakashukuru kwa kukumbukwa. Tuliliandika upya likasema "Wewe mwanamume mwenye mtoto." Safari hii wanaume walikuja, si wengi, na baadhi yao walikuja kuuliza kama ni lazima.

Lakini haikuwa kila mara yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mwaka mmoja aliamua kwamba neno "tafadhali" halimwambii mtu la kufanya na linakula nafasi, akaliondoa kwenye karatasi zote. Malalamiko yalipoanza kuingia kwamba tunaongea kama polisi, alilirudisha, mara moja kwa kila ukurasa, juu kabisa, ili tumalizane nalo mapema. Aliwahi pia kugombana nami wiki nzima kuhusu picha ya mchuma chai kwa sababu nilimchora akichuma kwa mkono mmoja. Picha ilihusu kunawa mikono. Nilichora mkono wa pili.

Siku ya Ijumaa hakuna aliyeweza kumpa kazi baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anajiandaa kwa Sabato, na maandalizi hayo yalihusisha kula njugu za wenzake zilizobaki mezani, ili zisiharibike.

Sasa inabidi tueleze habari ya kipeperushi cha kifafa, kwa sababu bila hiyo habari za Persis hazijakamilika, na yeye mwenyewe amesema tusipoiweka hatakuja kwenye sherehe.

Mwaka wa 2014 hospitali moja ya eneo letu ilileta maelezo kwa watu wanaoanza dawa ya kifafa. Dawa hiyo huwafaa wengi, lakini kuna wachache ambao mwili wao huikataa. Hutokwa na vipele, na wakiendelea kuimeza wanaweza kuchubuka ngozi na hata kufa. Kipeperushi kilikuwa na sentensi hii: "Ukiona vipele mwilini, acha kumeza dawa mara moja, kisha uje hospitali." Wasomaji walisoma. Persis akawauliza, kama ilivyokuwa desturi, kama wameelewa. Wote wakasema ndiyo. Naye alikuwa ameelewa. Akapitisha.

Huko Nyakoe kulikuwa na mtu mzima anayeitwa Nyamongo, mwenye kifafa na ulemavu wa kujifunza, aliyekuwa akilima migomba pamoja na dada yake Gladys. Alipewa dawa na kipeperushi. Alikuwa amejifunza kusoma kwa taabu, na hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza ya hospitali aliyoweza kuisoma yote peke yake. Aliikunja akaiweka mfukoni. Vipele vilipotokea, aliitoa akaisoma tena, akafanya kama ilivyosema.

Sisi wote tulioipitisha sentensi ile tulielewa "mara moja" kuwa ni papo hapo. Nyamongo alielewa kuwa ni mara moja, si mara mbili. Jioni hiyo hakumeza kidonge. Asubuhi akaendelea kumeza, akangoja tarehe yake ya kliniki ili aende hospitali, kwa kuwa karatasi ilisema aende na haikusema lini. Gladys alipogundua, midomo ya kaka yake ilikuwa imechubuka na macho yamefungika. Alilazwa Kisii, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atatoka.

Habari hiyo tuliletewa na Jasper Anyona, mhudumu aliyesimamia kliniki ya kifafa, ambaye watu wote humwita daktari. Alikuja mwenyewe ofisini, akakaa, akaweka kipeperushi mezani na kidole juu ya yale maneno mawili. Hakumlaumu mtu. Alisema hata yeye aliyasoma.

Persis alivaa sweta lake akasema twende.

Wodini Nyamongo alikuwa ameanza kuona kwa jicho moja. Persis alivuta kiti akaketi upande huo.

"Hii karatasi nilisoma mimi," alimwambia. "Nikasema iko sawa."

"Iko sawa," Nyamongo alisema. Midomo ilikuwa ikimuuma, kwa hivyo aliongea polepole. "Ilisema niache mara moja. Nikaacha mara moja."

"Ilitaka kusema uache kabisa. Siku hiyo hiyo."

Nyamongo aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na lile jicho.

"Kwa hivyo mimi nilisoma vibaya?"

"La. Ulisoma vizuri. Maneno ndio yalikuwa na njia mbili, na mimi niliona moja."

"Basi mwambie Gladys," alisema Nyamongo. "Anaambia watu wa hapa wodini kwamba sijui kusoma."

Gladys alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na kikombe cha uji. Persis aligeuka akamwambia kwamba kaka yake anajua kusoma, na kwamba alifuata kilichoandikwa. Gladys alianza kumnywesha kaka yake uji kwa kijiko. Tulipotoka alitufuata hadi kwenye korido, akauliza kwa nini tunawapa watu karatasi ikiwa wanaweza kufa nazo.

Mimi nilianza kusema jambo kuhusu bahati mbaya. Persis alinishika mkono nikanyamaza.

"Sina jibu, dada yangu," alimwambia Gladys. "Lakini nitazichukua zote."

Tukazichukua. Tulizunguka zahanati za Nyamira na za upande wa Kisii, Persis mbele na mimi nyuma na mfuko wa nailoni. Mahali pengi walitupatia bila maneno. Zahanati moja walisema zimekwisha, na tulipokuwa tukiondoka tukaziona dirishani, zimebandikwa mahali pa kioo kilichovunjika. Persis alirudi akaomba kadibodi, tukabadilisha. Sokoni Nyakoe tulimkuta mama mmoja akizifungia mandazi. Alikataa kutupatia karatasi bila mandazi, na kwa haki kabisa, kwa sababu asingekuwa na cha kufungia. Tukanunua mandazi yote. Tuliyala hadi Keroka, na kwa muda mrefu baada ya hapo Persis hakutaka kuyaona.

Kisha akarudi ofisini, na kwa karibu mwezi mzima hakupitisha kitu. Kila karatasi iliyoletwa alisema hapana. Tangazo la ibada, hapana. Bango la kuonyesha choo kilipo, hapana. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bw. Bosire, alimwendea taratibu akamuuliza bango la choo lina kosa gani.

"Sijui," Persis alisema. "Hata ile nyingine sikujua."

Bw. Bosire aliagiza chai. Kazi ilikuwa imerundikana hadi kwenye kiti cha wageni, na wageni walikuwa wakisimama. Sitasema kwamba hatukuogopa. Hospitali ilikuwa imeshauliza, kwa lugha ya upole, kama wasomaji wa aina hii wanafaa kwa mambo ya dawa, na kama swali hilo lingejibiwa vingine, programu hii leo ingekuwa ya jambo tofauti.

Kilichomtoa Persis pale ni msomaji mwenzake, Maureen. Siku moja walikuwa wakisoma tangazo la maji, na Persis alimuuliza, kwa mazoea tu, kama ameelewa. Maureen akasema ndiyo. Persis alimtazama.

"Umeelewa nini?"

"Sijaelewa," Maureen alisema.

"Mbona unasema ndiyo?"

"Nikisema ndiyo, mwalimu huenda kwa mwingine."

Persis aliweka tangazo chini. Kesho yake alituita wote ofisini, wasomaji na wengine, akatusomea sentensi moja ndefu aliyoitunga mwenyewe, iliyohusu ng'ombe, chifu na siku ya Alhamisi, na ambayo haikuwa na maana yoyote. Akauliza kama tumeelewa. Wote tulisema ndiyo. Mimi niliitikia kwa kichwa pia.

Tangu siku hiyo swali la "umeelewa?" likakoma katika kituo hiki. Mahali pake Persis aliweka swali lingine: "Sasa utafanya nini?" Msomaji akisoma karatasi, hasemi kama ni nzuri. Anasema, au anaonyesha kwa mikono, jambo ambalo angelifanya akitoka hapo mlangoni. Na wasomaji wawili hawakai chumba kimoja, ili mmoja asimfuate mwenzake. Ni utaratibu wa polepole sana. Tangazo la maji lilichukua siku nzima, lakini watu walileta mitungi.

Kipeperushi cha kifafa ndicho kilichokuwa kigumu zaidi. Persis alitaka kiseme "Usimeze dawa tena." Anyona alikataa, kwa sababu mtu wa kifafa akiacha dawa zote na kukaa nyumbani, anaweza kuanguka motoni au mtoni. Walibishana wiki kadhaa, wakinywa chai ya kituo kwa wingi. Mimi nilichora vipele hadi nikaanza kujikuna. Mwishowe zilibaki sentensi tatu: "Ukiona vipele, usimeze dawa hii tena. Njoo hospitali leo hii. Tutakupa dawa nyingine."

Hapo Persis alisema kuna mtu mmoja ambaye ni lazima aisome kabla haijatoka.

Nyamongo alikuja na Gladys. Alikuwa amepona, isipokuwa jicho la kushoto, ambalo hadi leo huona kama mtu anayetazama kupitia nailoni. Gladys alikaa karibu na mlango na mkoba wake magotini, kama mtu ambaye hatakaa sana. Nyamongo alisoma, akarudia, akaweka karatasi mezani.

"Sasa utafanya nini?" Persis alimuuliza.

"Nitaita Gladys."

Kwenye karatasi hapakuwa na kitu kama hicho.

"Siwezi kuenda hospitali pekee yangu," Nyamongo alieleza. "Nikienda pekee yangu wananiambia ningoje nje."

Persis alichukua kalamu akaandika, kwa herufi zake kubwa, sentensi ya nne: "Mwambie mtu wa nyumbani aje nawe." Akampa Gladys asome. Gladys alisoma, akauweka mkoba chini, akauliza kama kuna chai.

Nyamongo aliajiriwa mwezi uliofuata na bado yuko nasi. Ni msomaji mkali. Hospitali haikuuliza tena kuhusu wasomaji wa aina hii. Iliendelea tu kuleta kazi. Mwaka uliofuata Anyona alitusimulia kwamba mama mmoja mzee alimleta mjukuu wake kliniki, vipele vikiwa vimetokea asubuhi hiyo. Alikuwa amefunga karatasi yetu ndani ya leso pamoja na nauli ya kurudia. Mtoto alibadilishiwa dawa akaenda nyumbani. Persis alipoambiwa, aliuliza kama yule mama alikuja naye mwenyewe au alimtuma. Anyona akasema alikuja mwenyewe. Persis akasema vizuri, kisha akaomba apitishiwe sukari.

Katika miaka iliyofuata amefundisha wasomaji kumi na mmoja, baadhi yao kutoka mbali. Aliitwa Nairobi kuzungumza kwenye kongamano, akazungumza kwa dakika chache kuliko alizopewa, akaketi. Waandaaji walisema muda wake haujaisha. Alisema yeye amemaliza. Nyumbani Ikonge amejenga nyumba ya vyumba viwili kwenye kipande chake cha shamba, karibu na kwa Makori, ambaye sasa ni babu na humletea barua zake ili amwambie zinataka afanye nini.

Wasifu huu aliusoma mwenyewe kabla haujachapishwa, kwa mwendo wake wa kawaida, na ndiyo sababu programu imechelewa. Alifuta mahali tulipomwita nguzo ya kituo, akasema nguzo haifanyi kazi, imesimama tu. Alifuta neno "mnyenyekevu" na kusema tusidanganye wageni. Habari ya Nyamongo aliiacha kama ilivyo, baada ya kumpelekea Nyamongo aisome, naye akasema sawa ila tuandike kwamba anasoma vizuri. Anasoma vizuri.

Mwisho wetu ulikuwa unasema "Hatutakusahau kamwe." Persis aliweka kidole hapo.

"Hii hamwezi kujua," alisema. "Andikeni kitu ambacho mnaweza kufanya."

Kwa hiyo tumeandika hivi, naye amepitisha:

Dada Persis, asante kwa kazi yako. Tunakutakia afya njema na mvua ya kutosha kwenye chai. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita tutakuja kwako Ikonge. Tutakuja sote. Nyamongo na Gladys wataleta ndizi, wengine wataleta mkate. Tutafika kabla ya chakula cha mchana. Weka maji ya chai jikoni.

Sheila Kemunto,
mchoraji, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo